Neno Moja la Mwalimu Machogu

Nilicheka. Wacha nianze na hilo, kwa sababu nisipolisema mimi litasemwa na watu wa Manga, na wao wataongeza chumvi. Rafiki yangu alikuwa anaanguka mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nimeshikilia mlingoti wa mizani ya chai, machozi ya kicheko yakinitoka.

Ilikuwa Agosti 1973, shule zimefungwa. Mimi nilikuwa afisa wa kilimo upande wa chai, nikizunguka Manga mpaka Gesima na Land Rover ya serikali na diploma yangu, nikiwafundisha akina mama kuchuma majani mawili na kichipukizi, jambo walilolijua kunishinda. Machogu alikuwa mwalimu wa darasa la saba. Tulitahiriwa mwaka mmoja, na kwetu watu wa rika moja hawaoneani haya. Unaweza kumwambia mwenzako maneno ambayo ukiyasema mbele ya baba yako, hata kuku wataacha kudonoa.

Tulikuwa na neno letu. Sitaliandika hapa, maana karatasi hii inaweza kusomwa na mkwe wangu. Ni neno la Kikisii, fupi, linahusu sehemu ya mwili ambayo hata daktari huitaja akiangalia dirishani. Kila tukikutana tunachungulia huku na huku kama hakuna mzee karibu, halafu tunasalimiana nalo. Watu wazima, wenye watoto. Mmoja mwalimu, mwingine na diploma.

Siku hiyo alikuja kituo cha chai na kikapu cha mke wake. Nikachungulia huku na huku, nikamsalimu. Akajibu neno lile lile, lakini polepole, kama mtu ana kiazi cha moto mdomoni. Akalirudia. Mdomo ukaenda upande mmoja, jicho moja likalegea. Sasa, Machogu alikuwa bingwa wa kuigiza watu. Aliwahi kumwigiza mkaguzi wa shule mpaka mkaguzi mwenyewe akapiga makofi. Nikadhani ananiletea mhusika mpya. Nikacheka. Kikapu kikaanguka, majani yakamwagika, nikacheka zaidi. Akaanguka yeye, na watu wakakimbia. Nikawaambia, "Mwacheni, anaigiza huyo!"

Ilikuwa kama robo saa hivi kabla sijaona kwamba suruali yake imelowa. Machogu alikuwa mtu wa kupiga pasi hata kamba za viatu. Hapo kicheko kikanikauka.

Tulimfikisha hospitali mjini kwa Land Rover. Bonareri, mke wake, alikuwa ameketi nyuma, kichwa cha mumewe mapajani, akiomba kwa sauti kila tukiruka shimo. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Akauliza umri.

"Thelathini na nne," nikasema.

"Ni kiharusi."

"Daktari, hiyo si ya wazee?"

"Nani alikiambia kiharusi hivyo?"

Baadaye, alipopata nafasi, alitueleza vizuri. Moyo wa Machogu ulikuwa na mlango mmoja usiofunga sawasawa, labda kutokana na ugonjwa wa koo akiwa mtoto. Damu ikaganda humo, donge likapanda mpaka kichwani, upande wa kushoto. Ndiyo maana mkono na mguu wa kulia umelala. Nilimwuliza kuhusu ile robo saa yangu. Akaniangalia, akasema, "Labda ingesaidia, labda la." Hilo jibu nimeishi nalo kama mtu anayeishi na nyanya wa mke wake. Halikupigi, lakini liko tu, linakuangalia.

Siku ya tano alifungua macho. Bonareri alikuwa na uji mkononi. Machogu akamwangalia kwa upendo mwingi, mimi nilikuwepo na nililiona lile pendo kwa macho yangu, akafungua mdomo, akatoa neno letu. Wazi kabisa, bila kigugumizi. Kijiko kikaanguka. Machogu mwenyewe akashtuka kuliko sisi. Akajaribu tena, tukaona anatafuta, anakunja uso, anatafuta, halafu hilo hapo. Akionyesha maji, ni hilo. Akishukuru, ni hilo. Maneno yote aliyokuwa nayo, ya Kikisii, Kiswahili na Kiingereza, hesabu na mahubiri, yalikuwa yamekwenda. Lilibaki moja, lile lile alilokuwa ameshika mdomoni wakati mshipa unaziba.

Kulikuwa na sista mmoja kutoka Machakos, mtu mwema sana. Alisikia Machogu akisema neno hilo kila akipewa dawa, akadhani ndiyo asante ya Kikisii. Asubuhi moja akapita wodi nzima akiwashukuru wagonjwa nalo, kitanda hadi kitanda, kwa tabasamu. Wazee wa Ogembo walijifunika blanketi mpaka utosini. Mmoja alisema yuko tayari kurudi nyumbani hata kama hajapona.

Nimecheka hilo miaka mingi. Lakini siku ile Bonareri hakucheka. Aliniita nje kwenye baraza akasema, "Momanyi, baba akija itakuwaje?"

Kwa asiye wa kwetu, nieleze kidogo. Sisi tuna kitu tunaita chinsoni. Ni heshima yenye haya ndani yake, kati ya mtu na mzazi wake, na mkwe wake, na wote wanaosimama ngazi moja na wazazi. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua inyeshe mawe. Na neno la mwili halipiti kati yao. Likipita, hata kwa bahati mbaya, si kicheko tena. Watu huogopa kwamba mtoto au mjukuu ataugua, na zamani lazima mbuzi achinjwe kusafisha.

Baba yake Machogu, Mzee Nyamongo, alikuwa mzee wa kanisa la Sabato. Mbuzi wa kusafisha alikuwa ameachana naye tangu abatizwe. Lakini chinsoni hakuachana nayo. Huyo ni mtu ambaye akitaka kusema "ng'ombe amezaa" anasema "tumepata mgeni zizini."

Alikuwa amekuja mara moja, siku ya pili, mwanawe akiwa hajitambui. Aliposema atarudi, mimi ndiye nilimwambia daktari amekataza wageni. Uongo wa kwanza. Halafu tulipomrudisha Machogu nyumbani, tulichagua Jumamosi saa nne asubuhi, wakati mzee yuko kanisani mbele kabisa. Tulimwingiza ndani kama magunia ya magendo. Na akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, baba hakuweza kuingia. Desturi ikawa ndiyo kufuli yetu.

Nyumba ya mzee ilikuwa hatua arobaini hivi kutoka hapo, migomba katikati. Kila asubuhi akienda kuangalia ng'ombe alipita nyuma ya dirisha la mwanawe, akasimama, akakohoa. Kile kikohozi cha baba, unakijua, kinachosema niko hapa.

"Bwakire," anasalimu.

"Bwakire buya, baba," Bonareri anajibu kutoka ndani, mkono mmoja umeziba mdomo wa mume wake.

"Ameamkaje?"

"Amelala, baba."

Miezi minne alikuwa amelala. Hata mtoto mchanga hukaa macho zaidi ya hapo.

Na kumbe Machogu alikuwa anapona. Mguu ulianza. Tulimfungia kamba ukutani, akawa anaishika na mkono wa kushoto, anatembea kutoka kitandani mpaka mezani, akiburuta ule wa kulia kama mtu anayevuta mbwa asiyetaka kwenda. Mimi nilikuja Jumatano na Jumapili. Siku moja, kumpa Bonareri moyo, nilimweleza jinsi mchai uliopogolewa unavyoonekana umekufa na kumbe unakusanya nguvu.

"Momanyi," akasema, akiendelea kupepeta mtama, "mume wangu si chai."

Diploma yangu ikarudi mfukoni.

Tulijaribu kila njia. Tulimpa chaki, mkono wa kushoto. Akachora kitu kama nyayo za kuku, akakiangalia, akalia, kwa sababu macho yake yalijua kwamba hayo si maandishi. Tulijaribu "ee" na "yaya," ndiyo na hapana. Akitikisa kichwa alitikisa vizuri, lakini neno linaruka hapo hapo pamoja na kichwa. Nikamfunga kitambaa kidevuni kama mwenye jino bovu. Likapenya kwenye kitambaa. Daktari alikuwa ametuambia, "Halitoki kwa kupenda. Ni kama kupiga chafya. Mwacheni." Sisi tungemwacha, lakini kulikuwa na mtu anakohoa dirishani.

Nikasema tujaribu wimbo. Machogu alikuwa mwalimu wa kwaya, sauti ya nne. Nikaanza wimbo wa kanisa ninaojua anaupenda, taratibu. Akafumba macho. Nikaona koo linasogea, na sauti ikatoka, sauti yake ile nzito, na tuni sawa kabisa, hakuna noti iliyopotea. Bonareri akaacha ungo. Lakini ndani ya ile tuni takatifu, kila silabi, kuanzia ubeti wa kwanza mpaka kiitikio, lilikuwa ni neno letu. Aliuimba wote. Mimi nilikuwa natafuta pa kujificha. Halafu nikasikia sauti kama ya mtu anasongwa na chakula. Ni Bonareri. Alikuwa ameinama, khanga mdomoni, mabega yanatetemeka, na alipoinua uso sikujua ni machozi ya aina gani. "Mungu anaelewa," akasema. "Si anaelewa? Lakini baba hapana."

Machogu naye akamwangalia, akaanza kucheka kwa ule upande mmoja wa mdomo. Ndiyo mara ya kwanza tulicheka ndani ya nyumba hiyo.

Kufikia Februari alikuwa anafika mlangoni kwa fimbo. Anafika, anasimama nyuma ya mlango, anarudi. Nilijua anachoogopa. Akitoka nje atakutana na baba yake, baba atasalimu, na salamu lazima ijibiwe. Mguu ulikuwa tayari. Alijifungia mwenyewe, ndani ya nyumba yake, kwa heshima.

Ndipo mzee aliponikamata. Nilikuwa napita kwenye migomba kuelekea Land Rover, akatokea na kofia mkononi.

"Momanyi."

"Tata." Kwa sababu ya rika, yeye ni baba yangu pia.

"Mwanangu yuko ndani?"

"Yuko, tata."

"Sikuulizi nyumba. Nauliza kichwa."

Nikaangalia viatu vyangu. "Yuko."

"Mbona hanisalimii? Natembea nyuma ya ile dirisha kama mwizi. Nimesikia fimbo yake sakafuni. Mtu anayetembea anaweza kusema 'tata.' Watu huko kanisani wananiambia amebaki mti tu, mnamwagilia. Mimi nawaambia hapana. Lakini najuaje?" Akageuza kofia, akaigeuza tena. "Nikizika mtu, nitajua nimezika. Nikikaa na mtu, nijue nakaa na mtu. Hii ya katikati inanimaliza, Momanyi. Kama kuna kitu mnanificha, wewe umesoma, niambie."

Na mimi, mtu ninayejulikana kutoka hapa mpaka Gesima kwa mdomo mrefu, nikarudi kuangalia viatu. Ningemwambia vipi? Kutaja tu kwamba kuna neno la namna hiyo, mbele yake, ni sawa na kulisema. Bonareri ni mkwe, yeye hata kumpa mkono mzee hawezi. Sisi wote tuliojua tulikuwa ndio wasioweza kumwambia.

Nikawaza, ni nani asiye na haya na Machogu, na wakati huo huo mzee hawezi kumkasirikia? Nikaenda kwa Nyamusi.

Nyamusi ni mama yake Nyamongo, nyanya yake Machogu. Alikuwa na miaka themanini na kitu, na kanisani hakuwa anaingia kwa sababu walimwambia aache ugoro, akawaambia waache kelele. Kwetu nyanya na mjukuu hawana chinsoni. Wanataniana mpaka watu wengine wanahama. Nilimsindikiza mpaka ndani. Machogu alipomwona akafungua mdomo, neno likatoka.

Bibi akasimama. Akaweka mkono kiunoni. "Eh! Miezi sita umejificha na hicho tu?" Akamjibu na lingine, la zamani, baya zaidi, ambalo mimi mwenyewe sikuwa nalijua. Machogu akacheka mpaka nikamshika asianguke.

"Huyu yuko mzima," bibi akasema. "Mguu na mkono ni vitu. Huyu yuko. Mmemwambia Nyamongo?"

"Nani atamwambia, nyanya?"

"Waoga nyinyi, na vitabu vyenu." Akavuta ugoro, akapiga chafya mbili. "Hata mimi siwezi kulitaja. Nilimzaa. Lakini kutaja ni kitu kingine na kusema liko ni kitu kingine."

Akatoka. Tulimwona kupitia ufa wa dirisha. Akaketi kwenye kigogo kati ya nyumba mbili, akamwita mwanawe kwa sauti ya kuita ndama. Mzee akaja haraka, amevaa koti lake la kanisa ingawa haikuwa Sabato.

"Nyamongo."

"Mama."

"Mtoto wako amebaki na neno moja tu. Mengine yalikwenda na ugonjwa."

"Neno gani?"

"Si lako."

"Ni matusi?"

"Nimesema si lako. Unataka nikusomee kwa Biblia?"

"Anamtukana nani?"

"Hamtukani mtu. Akitaka maji ni hilo. Akimtaka mke wake ni hilo. Akiimba nyimbo zenu ni hilo. Akikazana aseme 'tata,' linatoka hilo hilo. Ndiyo sababu hakuitikii. Anajificha kwa ajili yako, wewe unadhani amekuwa mti."

Mzee Nyamongo aliketi chini. Chini kabisa, kwenye udongo, na koti la kanisa. Mama yake akamwekea mkono kichwani kama anapima homa, halafu akainuka akaenda zake akilalamika juu ya magoti.

Siku tatu hatukusikia kikohozi. Bonareri alianza kusema tumeharibu. Machogu naye alikataa kula, akawa anakaa kitandani anaangalia ukuta ule ambao baba hupita nyuma yake.

Jumapili nilikuwa hapo tangu saa tatu. Nilikuwa nimemwinua, ameshika fimbo kwa mkono wa kushoto, yuko katikati ya chumba, na Bonareri ananyoosha vidole vya ule mkono mwingine, kimoja kimoja, kwa mafuta. Tukasikia nyayo. Zilikuja mpaka ukutani, karibu sana, mpaka tukasikia koti likigusa udongo wa ukuta. Hakukohoa.

"Machogu," mzee akasema.

Bonareri akainua mkono wake kuziba ule mdomo, kama kawaida. Machogu akageuza uso, akauepuka. Akamtikisia kichwa, midomo ameibana. Hapana.

"Mama ameniambia," mzee akaendelea. "Nimekaa na hayo maneno siku tatu. Nimeomba nayo. Nilikuwa nimefikiri nisikie tu kama unapumua, niende. Lakini kusikia pumzi hakunitoshi. Ng'ombe pia anapumua."

Niliona neno linakuja. Nilikuwa nalijua vile linavyokuja: kwanza paji la uso linakunjamana, halafu koo linapanda, halafu midomo. Miezi sita hajawahi kulizuia hata mara moja, si kwa kitambaa, si kwa wimbo. Likapanda. Machogu akauma mdomo wa chini, ule upande wenye nguvu. Jasho likatoka kwenye nywele. Fimbo ikaanza kugonga sakafu, tik tik tik. Nikataka kumshika, akanisukuma kwa kiwiko.

"Sikiliza, mwanangu. Hakuna mbuzi, hakuna laana. Mimi ndiye niliyekuja, mimi ndiye ninayeomba. Haya ya neno hilo ni yangu, sio yako. Sema hilo ulilo nalo."

Damu kidogo ikatokea pale alipouma. Midomo imefungwa. Bonareri alikuwa ananiangalia mimi, na mimi namwangalia yeye, wote wawili tumeshika pumzi, tunahesabu, kwa sababu hajawahi kufika hapo. Nje mzee akaweka kiganja ukutani, tukasikia udongo mkavu ukidondoka upande wetu.

"Hata mara moja tu," akasema, na sauti yake ikashuka. "Liwe baya namna gani, Machogu. Niitikie."